Saa Moja ya Ndege, Siku Sita za Baba

Chukua ramani ya Tanzania na rula. Pima kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara. Ukinyoosha mstari unapata kama kilomita 400, na ndege inazimaliza kwa saa moja hivi. Soda hujaimaliza vizuri unaambiwa funga mkanda. Kwa barabara ni kilomita 560 na ushee. Sasa mbona watu wa Dar walikuwa wakiongea habari za kwetu Ndanda, kule njia ya Masasi, kama vile ni mwisho wa dunia?

Jibu liko Rufiji. Kabla ya Agosti 2003 mto ule haukuwa na daraja pale Ndundu, kulikuwa na pantoni. Masika ikikolea mto unafurika, barabara inakuwa tope tupu, na Kusini inafungwa. Mwenye safari anangoja meli au anapanda ndege. Meli ina siku zake, ndege ina bei yake.

Masika ya 1998, zile mvua za El Niño, babu alifariki Ndanda. Habari ilitufikia Dar jioni ile ile kwa simu. Namkumbuka baba amekaa kitandani anahesabu noti, anazipanga, anazihesabu tena, utadhani zitazaana. Hazikutosha tiketi ya ndege. Akangoja meli, akashuka Mtwara, akadandia lori. Siku ya sita akafika. Babu alishazikwa siku nne nyuma. Baba ndiye mtoto wa kwanza. Udongo wa kwanza ulikuwa wake kuutupa. Ukatupwa na mdogo wake.

Miaka mingi nililaumu ukata tu. Halafu nikaanza kusoma. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwatoa watumwa walioachiwa huru Zanzibar, wakashukia Lindi, wakatembea hadi Masasi. Wabenediktini walifungua misheni ya Ndanda 1906, mwaka mmoja tu baada ya Maji Maji kuichoma ile ya Nyangao. Mwaka 1947 Mwingereza akaja na mpango wake wa karanga Nachingwea, akajenga bandari Mtwara na reli ya kuifikia. Karanga zikagoma, 1951 mpango ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. (Reli kung'olewa jamani! Mpaka leo wazee wanaisimulia kama msiba.) Umeona? Wote hao waliingia Kusini kwa bahari, na njia walizotengeneza zilikuwa za kwenda baharini. Ya kwenda Dar haikuwa shida yao.

Daraja lile, mita 970, linaitwa Mkapa, mtoto wa Lupaso aliyesoma Ndanda na kuwa Rais 1995 hadi 2005. Wapo wanaosema alipendelea kwao. Mimi nasema kama ni upendeleo, basi ulichelewa miaka mitano kwa nyumba yetu.

Siku hizi napanda basi Dar alfajiri, nafika Ndanda siku hiyo hiyo. Lakini Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kule Somanga, baba, ambaye amestaafu na kurudi kijijini, alinipigia simu usiku. Hakuuliza habari za mvua wala za barabara.

"Mwanangu," akasema, "hivi ndege ya Mtwara sasa hivi ni shilingi ngapi?"