Historia: Gongo la softboli na mwamuzi asiyeona ndani yake

Nchini Marekani, kabla mechi ya softboli haijaanza, kuna kazi moja ambayo watazamaji wengi hawaiangalii. Magongo ya timu zote mbili yanapangwa pembeni ya uwanja, na waamuzi wanayakagua moja baada ya jingine. Gongo lililokataliwa linarudishwa kwenye begi na halitumiki katika mechi hiyo. Kwa mtu aliyezoea mpira wa miguu, ambako mwamuzi anaangalia viatu vya wachezaji na pumzi ya mpira, kazi hiyo inaweza kuonekana ni kupoteza muda. Lakini imetokana na mambo yaliyotokea kwa zaidi ya miaka mia moja, na mengine yake yalikuwa ya hatari.

Softboli ni ndugu mdogo wa besiboli. Mrushaji anarusha mpira kwa mkono unaopita chini, mpigaji anausubiri akiwa na gongo, na akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo. Mchezo ulizaliwa Chicago, mwezi wa 11 mwaka wa 1887, tena ndani ya nyumba. Ilikuwa siku ya sikukuu ya Shukrani, na watu walikuwa wamekusanyika katika klabu ya Farragut Boat Club wakisubiri matokeo ya mechi kati ya vyuo vikuu vya Yale na Harvard. Matokeo yalipofika, mmoja wao kwa furaha alirusha glavu ya ngumi, na mwenzake akaipiga kwa kijiti. George Hancock, aliyekuwa miongoni mwao, akaifunga ile glavu ikawa kama mpira, na mpini wa fagio ukawa gongo. Siku hiyo hakuna aliyeuliza kama mpini ule ni halali.

Jina la softboli lilikuja baadaye, mwaka wa 1926, na shirika la kitaifa la kusimamia mchezo, ASA, likaundwa mwaka wa 1933. (Tangu 2017 shirika hilo linaitwa USA Softball.) Sheria za magongo zilikuwa fupi: urefu usizidi inchi 34, yaani karibu sentimita 86, unene usizidi inchi mbili na robo, karibu sentimita 5.7; uzito usizidi aunsi 38, zaidi kidogo ya kilo moja. Mwamuzi alikuwa na pete ya kupimia. Gongo likipita ndani ya pete, ni sawa, likikwama, halichezi. Enzi za magongo ya mti, ukaguzi huo ulitosha. Mti ni mti, na mwenye nguvu ndiye aliyepiga mbali.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, magongo ya aluminiamu yalipoingia sokoni. Yalipendwa kwa sababu ambayo familia yoyote inaielewa: ya mti yanavunjika, ya aluminiamu yanadumu. Shule na timu za mtaani ziliona nafuu. Lakini gongo la aluminiamu ni tupu ndani, na utupu huo ulileta jambo ambalo pete ya mwamuzi haiwezi kulipima. Mpira ukigonga mti mzito, mpira wenyewe ndio unaobonyea, na nguvu nyingi inapotea humo. Ukigonga bomba lenye ukuta mwembamba, ukuta unabonyea kidogo kisha unarudi kama ngozi ya ngoma, na kuusukuma mpira mbele. Mpigaji ni yule yule, mkono ni ule ule, lakini mpira unatoka kwa kasi kubwa zaidi.

Viwanda vilielewa haraka. Katika miaka ya 1990 vilileta magongo ya titani, ambayo yalipigwa marufuku baada ya muda mfupi, kisha ya kuta mbili, halafu ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Yote yalipita kwenye pete bila shida. Urefu halali, unene halali, uzito halali. Hapo mwamuzi alibaki na kipimo kinachosema ndiyo, huku kila aliyesimama uwanjani akiona kuwa kuna kitu hakiko sawa.

Aliyeona zaidi ni mrushaji. Katika softboli ya wanawake ya mirusho ya kasi, ngazi ya juu, mrushaji anasimama karibu mita 13 kutoka kwa mpigaji, na akishamaliza kurusha anakuwa amesogea karibu zaidi. Jina softboli linamaanisha mpira laini, lakini jina hilo linadanganya: mpira wa leo ni mgumu na uzito wake unakaribia gramu 200. Ukirudi moja kwa moja kwa kasi ya kilomita 150 na zaidi kwa saa, unamfikia kwa takriban sehemu tatu za kumi za sekunde. Muda huo ni mfupi mno kwa mtu kuinua mkono wenye glavu mbele ya uso wake. Ndiyo maana leo warushaji wengi, hasa wasichana, wanavaa kinga ya uso.

Kwa hiyo shirika likahamisha sehemu ya uamuzi kutoka uwanjani kwenda maabara. Kuanzia mwaka wa 2000, kila aina mpya ya gongo ilitakiwa kupimwa kabla ya kuruhusiwa. Gongo linafungwa kwenye mashine, mzinga wa hewa unalirushia mpira, na vyombo vinapima kasi ya mpira kabla na baada ya kugonga. Maabara moja inayojulikana kwa kazi hiyo iko katika chuo kikuu cha Washington State. Mwaka wa 2004 kipimo kikawa kikali zaidi: kwa hesabu ya maabara, mpira usitoke kwenye gongo kwa zaidi ya maili 98 kwa saa, karibu kilomita 158. Gongo lililofaulu linapigwa alama ya shirika. Aina zilizokataliwa zinaandikwa kwenye orodha ambayo mwamuzi anakuja nayo uwanjani.

Ungedhani kazi ya mwamuzi imekuwa nyepesi: tafuta alama, soma orodha, basi. Sivyo. Alama inazungumzia gongo lilivyotoka kiwandani, haizungumzii lilipopitia tangu siku hiyo. Gongo la nyuzi za kaboni linalegea kadiri linavyopigwa, na kulegea huko kunaliongezea nguvu mpaka siku litakapopasuka. Tena kuna watu wanaofungua kifuniko cha mwisho, wanakereza ukuta wa ndani ili uwe mwembamba, kisha wanakirudisha kwa gundi. Wengine wanapaka gongo lililokatazwa rangi za gongo linaloruhusiwa. Huo ni udanganyifu mtupu, na anayeumia si mwamuzi bali msichana aliye mita 13 mbele.

Basi mwamuzi anarudi kwenye mikono na masikio yake. Anapitisha kidole kutafuta ufa au pahali palipobonyea. Analitikisa asikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Anaangalia kifuniko kama kina gundi ya kigeni, na kama alama inasomeka. Mchezaji akiingia kupiga na gongo lililochezewa, anahesabiwa ametoka na anafukuzwa mchezoni. Katika mashindano ya vyuo vikuu wanatumia pia mashine inayolibana gongo kuona kama limelegea kupita kiasi. Kwenye uwanja wa mtaa, mashine hiyo ni nadra.

Hapo ndipo jambo hili linapozigusa familia za Wakongomani waliopelekwa kuishi Marekani. Softboli inachezwa katika shule nyingi za huko, na binti aliyekulia kambini anaweza kuukuta mchezo huu kwa mara ya kwanza darasani. Mzazi anayenunua gongo la mitumba atazame kwanza alama, kwa sababu bei nafuu haisaidii likikataliwa siku ya mechi.

Hata hivyo, gongo la zamani lisilo na alama halikataliwi moja kwa moja. Sheria ya shirika iliacha mlango mdogo: gongo lililotengenezwa kabla ya mwaka wa 2000 linaweza kuchezwa ikiwa, kwa maoni ya mwamuzi peke yake, lingefaulu kama lingepelekwa kupimwa. Maabara haipo hapo, wala mzinga wa hewa. Yuko mwamuzi na gongo mkononi, timu mbili zinamngojea, na atakalosema ndilo litakalofuatwa mechi hiyo.