Skwota wa Thika Hakuvamia Shamba

Neno skwota, ambalo kila Mkenya analijua, limewatendea dhuluma watu walioishi kwenye mashamba ya kahawa na mkonge kuanzia Ruiru hadi Thika na kwingineko. Chimbuko lake katika Kiingereza ni kuchuchumaa, na kufikia mwishoni mwa karne ya 18 Wamarekani walilitumia kumwita mtu aliyejikalia tu kwenye ardhi bila hati. Afrika Kusini likawa jina la Mwafrika anayeishi katika shamba la Mzungu, na likaja Kenya na maana hiyo, lakini tuhuma ya uvamizi haikuachwa nyuma.

Skwota wa Kenya hakujikalia. Setla, yaani mlowezi wa Kizungu, ndiye aliyemtaka. Reli ilipofika Thika mwaka 1913, mashamba yalihitaji watu wengi kuliko fedha za kuwalipa, basi mtu akakatiwa sehemu ya kulima na kulishia mbuzi, naye akailipia kwa jasho. Sheria ya 1918 ilimdai siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Ile ya 1937 ikaruhusu zifike 270. Sheria hizo zilimtambua kama mfanyakazi mkaazi. Shingoni alining'iniza kikopo cha bati, ndani yake kipande chenye alama za vidole vyake na sahihi ya mwajiri. Mvamizi gani hutembea na sahihi ya mwenye shamba? Kilichomgeuza mgeni ni Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1915, iliyompa setla miaka 999, na hukumu ya Jaji Mkuu Jacob Barth ya 1921 kwamba Mwafrika ni mpangaji wa Mfalme, wa kuondolewa wakati wowote.

Wapo watakaosema kwamba hata Wakikuyu walikuwa na muhoi, mtu anayelima ardhi ya mwenzake. Ni kweli, na aliweza kuambiwa aondoke. Ila muhoi alipewa shamba kwa urafiki, wala hakuna serikali iliyomhesabia siku. Wengine watasema maskwota wengi walikuwa Bonde la Ufa, na kwamba kahawa ya huku ilichumwa sana na vibarua waliotoka rizavu, maeneo waliyotengewa Waafrika. Hilo nalo ni kweli, lakini uchache wa watu haugeuzi mkataba wao kuwa uvamizi.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inamweleza skwota kuwa mtu anayekaa kwenye ardhi ya mwingine bila idhini yake. Maelezo hayo hayamfai aliyeajiriwa na kukatiwa shamba. Anayeandika historia ya Thika na Ruiru na amwite mfanyakazi mkaazi.