Kosa dogo la desimali lenye madhara makubwa

Kompyuta husifiwa kwa kutokosea hesabu. Hata hivyo, ikiagizwa kujumlisha 0.1 na 0.2, mara nyingi huleta jibu la 0.30000000000000004.

Chanzo ni kwamba kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Katika mfumo huo moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi moja inavyokuwa 0.333 bila kikomo katika desimali za kawaida. Kwa kuwa nafasi ya kuhifadhi tarakimu ina mpaka, zinazozidi hukatwa.

Kosa hilo ni dogo mno, lakini likirudiwa hulimbikizana. Mnamo Januari 1982, soko la hisa la Vancouver, Canada, lilianzisha kipimo cha bei za hisa kwa pointi 1,000. Kila kilipohesabiwa upya, tarakimu zilizofuata ile ya tatu baada ya nukta zilikatwa. Kufikia Novemba 1983 kilikuwa kimeporomoka hadi takriban pointi 524, ilhali hesabu sahihi ilikuwa 1,098.

Februari 25, 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kosa la aina hiyo liliua. Mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora mjini Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kukabili kombora la Scud kutoka Iraq, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Mtambo huo ulipima muda kwa moja ya kumi ya sekunde, na thamani hiyo ilikuwa imekatwa. Baada ya kufanya kazi kwa saa 100 mfululizo, hesabu yake ilipotoka kwa sekunde 0.34, muda unaoliwezesha kombora la Scud kusafiri zaidi ya nusu kilomita. Programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran siku iliyofuata.

Tiba zipo. Mnamo 1965 mwanahisabati William Kahan alichapisha mbinu ya kuhifadhi sehemu inayopotea katika kila hatua ya kujumlisha na kuirejesha katika hatua inayofuata. Mwaka wa 1985 kanuni iitwayo IEEE 754 iliweka utaratibu mmoja wa kukadiria desimali, na mwaka wa 2023 lugha ya programu ya Python, toleo la 3.12, ilianza kujumlisha desimali kwa mbinu inayofanana na ya Kahan.

Kuhusu fedha, wataalamu hushauri zihesabiwe kwa senti nzima badala ya shilingi zenye desimali.