Jua Lililodhaniwa Mjerumani

Wajameni, vita vina vituko! Tarehe 12 Februari 1942 manowari za Kijerumani zilipenya mchana kweupe kati ya Uingereza na Ufaransa, rada za Waingereza zimevurugwa. Aibu ilioje! Jeshi likamtwika mwanasayansi wake, J. S. Hey, kazi ya kuuchunguza uvurugaji huo.

Tarehe 27 na 28 rada za mizinga ya kutungulia ndege zikajaa kelele tena. Mjerumani huyo, nani mwingine? Lakini Hey akaangalia rada zilielekea wapi. Zilikuwa zikilifuata jua! Akapiga simu kituo cha falaki cha Greenwich. Akajibiwa kwamba doa kubwa lilikuwa katikati ya uso wa jua. Doa kama hilo likilipuka, elektroni hufyatuliwa, nazo hutoa mawimbi ya redio. Habari ikafanywa siri hadi vita viishe.

Mimi namvulia kofia kwa simu ile. Mei 23, 1967, mlipuko wa jua ulizivuruga rada za Marekani za kuonya makombora, wakuu wakamshuku Mrusi. Bahati nzuri, safari hiyo jeshi lilikuwa na watabiri wake wa jua.