Nani alimpa nani ng'ombe?

Ukiitaja Rumonge, watu hufikiria ndagala, mukeke na mawese. Ng'ombe si mnyama wa kwanza kukumbukwa kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, hapa Burundi. Lakini fika kwenye posa yoyote: wazee wa pande mbili husemezana kwa mafumbo, na mahari huombwa kwa jina la ng'ombe hata kama kitakachotolewa ni faranga.

Heshima hiyo ilianzia milimani. Wafugaji wa Bututsi na Mugamba waliteremsha mifugo hadi tambarare ya Imbo wakati wa kiangazi, majani yalipokauka huko juu. Ng'ombe hao wa pembe ndefu walibeba thamani iliyozidi maziwa na nyama.

Simulizi za ukanda huu zinaeleza thamani hiyo. Kwa jirani zetu wa Rwanda husimuliwa habari za Nyirarucyaba, binti wa mfalme Gihanga, aliyefukuzwa na baba yake akaishia porini. Huko akamwona ng'ombe, akajifunza kumkama. Baba alipougua, maziwa ya binti yule ndiyo yaliyomponya, na wakapatana. Katika simulizi hii, ng'ombe anaingia duniani akiwa mpatanishi.

Burundi ya wafalme iliishi kwa mantiki hiyohiyo. Katika ubugabire, aliyepewa ng'ombe alifungamana na aliyempa: alipata ulinzi, naye akamlipa kwa kazi na utiifu. Ulikuwa undugu wenye ngazi. Mtoaji alikaa juu, mpokeaji chini. Hata sauti ya ufalme ilitoka kwa ng'ombe, kwa kuwa ngozi yake ndiyo iliyowambwa juu ya mzinga wa ngoma, uliochongwa kwa mti wa umuvugangoma. Ngoma hizo za kifalme zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu wote.

Kwa sababu hiyo, pigo kwa ng'ombe lilikuwa pigo kwa dola. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilifyeka mifugo Afrika Mashariki nzima. Nchi ilikuwa bado haijasahau hasara hiyo pale Wajerumani walipombana Mwami Mwezi Gisabo. Katika mkataba wa Kiganda wa Juni 1903, alikubali mamlaka yao na kutozwa faini ya ng'ombe 424. Kwa Warundi, kutoa ng'ombe kwa kulazimishwa kulimaanisha kuwekwa chini hadharani, mfalme akiwa wa kwanza.

Watoto wa Rumonge wanastahili kufundishwa historia hii kwa upana wake. Tarehe za vita na mikataba hazitoshi. Wafundishwe pia kuuliza, katika kila zama, nani alimpa nani ng'ombe, na kwa masharti gani. Jibu la swali hilo litawaonyesha nani alikuwa ndugu, nani alikuwa mtumishi, na nani alikuwa mtawala.