Kijiji cha Pangani na Jina la Shauri Moyo

Msafiri atokaye Tena, mtaa ulio jirani na Umoja na Donholm, akielekea katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Jogoo, hupita karibu na mtaa uitwao Shauri Moyo. Barabara hiyo zamani iliitwa Doonholm, kwa jina la shamba la mlowezi lililokuwa upande huo; jina la shamba limebaki midomoni mwa makondakta. Makusudi ya insha hii ni kueleza jinsi jina la Shauri Moyo nalo linavyohifadhi habari za kijiji kilichobomolewa.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Muda si mrefu pembezoni mwa mji mpya palizuka vijiji vya Waafrika: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, na kilichodumu kupita vyote, Pangani. Humo walikaa waliokuwa wapagazi na askari, watu wa Mrima na wa bara, Waislamu kwa wingi, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Nyumba zilikuwa za fito na udongo, zimeezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Palikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vilivyobaki akavipangisha.

Kulipokucha, wanaume walikwenda kwenye reli, madukani, na majikoni kwa Wazungu. Kijijini walibaki mafundi wa kushona, wauza chai na vyakula, na wapika pombe, ambao katika miaka ya 1920 walijikuta wakishindana na kilabu cha manispaa huko Pumwani. Wako pia wanawake walioishi kwa umalaya. Waandishi wengi hulitaja jambo hili peke yake, kana kwamba ndilo lililokuwa kijiji kizima, nami sikubaliani nao. Kwanza, kazi hiyo mara nyingi ilikuwa pamoja na kumpikia mgeni, kumtekea maji ya kuoga na kumpa mahali pa kulala, yaani mambo yote ambayo mwajiri hakumpa kibarua wake. Pili, faida yake haikuliwa yote: wanawake wengi waliigeuza kuwa nyumba. Chini ya sheria ya Kiislamu mwanamke aliweza kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe, na asiye na mtoto aliweza kumwachia nyumba mwanamke mdogo aliyemfanya ndugu. Hivyo nyumba ya udongo ilikuwa akiba, pensheni na ukoo.

Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, iliona uchafu na fujo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilifungua Pumwani, na watu wa vijiji vingine wakahamishiwa huko kujenga upya katika viwanja vilivyopimwa. Pangani walikaa kwa wasiwasi muda mrefu, hata walipoamriwa kuondoka; kufikia 1939 kijiji kilikwisha bomolewa. Baadaye mahali pale wakajengewa Wahindi.

Wenye nyumba wa Pangani walipewa nyumba za manispaa katika mtaa mpya, nao ndio Shauri Moyo. Zilikuwa imara kuliko za zamani, hilo halina ubishi. Walakini haki ya kukaa iliishia na uhai wa aliyepewa. Alichojenga kwa mikono yake angaliweza kumrithisha amtakaye. Hiki cha manispaa hakuweza.

Tuliangalie basi jina lenyewe. Kwa sarufi ya pwani tungetarajia «shauri la moyo». Kiswahili cha bara kimeacha kiungo hicho, kama kisemavyo «shauri yako» pahali pa «shauri lako». Maana iliyo karibu ni kwamba kila mtu aulize moyo wake: kuhamia au kutohamia. Walioulizwa hivyo walikuwa watu ambao nyumba zao zilikwisha pangiwa siku ya kubomolewa.