Malakiti: jiwe la kijani lililozaliwa na shaba

Katika vibanda vya wauza mapambo mjini Lubumbashi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, malakiti huuzwa kama shanga, vikasha na vinyago vya wanyama.

Sifa zake

Malakiti ni madini ya shaba. Hujijenga karibu na uso wa ardhi, pale maji yenye hewa ya ukaa yanapopenya katika miamba yenye shaba. Kiasi cha asilimia 57 ya uzito wake ni shaba, nayo ndiyo inayolipa ukijani. Likikatwa na kung'arishwa, hudhihirisha mistari na miviringo, myepesi na iliyokolea. Jiwe halisi ni zito na baridi mkononi. La bandia la plastiki ni jepesi.

Utunzaji

Malakiti ni laini: katika kipimo cha Mohs ugumu wake ni kati ya 3.5 na 4, ilhali chembe za mchanga zilizomo vumbini hufikia 7. Kwa hiyo lisisuguliwe likiwa kavu. Lipanguswe kwa kitambaa laini chenye unyevu, likaushwe mara moja, na liwekwe mbali na vito vigumu. Siki, limau, amonia na joto kali huliharibu.

Imani na historia

Wamisri wa kale walilisaga wakajipaka machoni. Ulaya lilifungwa kwenye susu za watoto kuwakinga na jicho la hasidi. Mjini St Petersburg, Urusi, lilipamba ukumbi mzima wa kasri la wafalme baada ya moto wa 1837.

Katanga lilithaminiwa kwa sababu nyingine. Wafua shaba waliliyeyusha kwa mkaa katika matanuri ya udongo, wakaimimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha. Biashara ya shaba ilimnufaisha pia Msiri, Mnyamwezi aliyetawala Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Hatari kwa mchongaji

Malakiti iliyong'arishwa haimdhuru anayeivaa. Vumbi lake, hata hivyo, ni sumu likivutwa pumuzini. Mchongaji hulazimika kulikata jiwe likiwa limeloweshwa maji, naye akiwa amejifunika pua na mdomo. Asiyefanya hivyo huulipia urembo huo kwa afya yake.